Mpenzi Asiye na Sura Yake

Siku ya tatu tangu filamu itoke, Jayant Kotecha alisimuliwa mapenzi yake mwenyewe na muuza dawa wa Magomeni.

Alikuwa ameingia kununua dawa ya kikohozi. Dada aliyekuwa nyuma ya kaunta, ambaye kibandiko kifuani mwake kilisema anaitwa Stumai, alikuwa na macho mekundu, akamwomba radhi.

"Usinijali, bosi, sina msiba. Ni hii *Mawimbi ya Korogwe*. Nimeimaliza jana, na leo asubuhi nimeiangalia tena kabla ya kuja kazini."

Ilikuwa filamu ya Jayant. Hakuwahi kuwa bosi wa mtu yeyote. Alizoea kuitwa hivyo tangu akiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu ya rangi yake ya Kihindi tu. Katika miaka kumi na miwili ya kuigiza alikuwa amecheza mwenye duka mara saba, wahasibu wanne, daktari wa meno mmoja na bahili mmoja aliyekufa amekumbatia sanduku. Hii ndiyo filamu ya kwanza ambayo ndani yake mwanamke alimpenda. Akainua uso kidogo, upande wa mwanga, akimsubiri dada huyu amtambue.

"Ni nzuri?" akauliza.

"Nzuri? Mwanaume anapanda mnara wa redio kwenye mvua ili mitambo isizimike wakati mwanamke yuko hewani! Halafu anashuka, amelowa chapachapa, anasimama nyuma ya kioo cha studio. Hasemi kitu. Anamtazama tu." Stumai aliweka kiganja kifuani. "Mume wangu hajawahi kunitazama hivyo hata siku ya harusi."

Mvua ile ilitoka kwenye mabomba ya zimamoto, na Jayant alilala na homa siku nne kwa ajili yake.

"Huyo mwanaume anafananaje?"

"Mrefu, mweusi wa kung'aa, ana kishimo hapa shavuni. Na sauti, jamani! Sauti imetulia..." Akanyamaza, akamwangalia mteja wake vizuri kwa mara ya kwanza. "Ajabu. Bosi, una sauti kama ya kwake."

"Naambiwa."

"Ungejaribu na wewe filamu. Si lazima uwe steringi. Hata daktari, madaktari wanahitajika." Akamfungia chupa kwenye karatasi. "Vijiko viwili, kutwa mara tatu."

*

Si kwamba Jayant hakujua habari za kiteuzi, ule mtambo unaomchagulia kila mtazamaji picha yake. Alikuwa ametia saini.

Kila nyumba yenye ukuta wa picha ilikuwa nacho. Kilianza kwa vitu vidogo: mtazamaji asiyependa bahari alipewa filamu ileile yenye milima, na aliyechukia suti aliona makoti. Ukuta ulisoma mboni za macho na mshipa wa shingo, ukajua moyo unapopata joto na unapopoa. Kisha zikaja sura. Mhusika alibaki na mwendo wake, sauti yake na machozi yake, lakini uso na ngozi vikabadilishwa hadi moyo wa mtazamaji uridhike. Watu wawili wangeweza kukaa kwenye kochi moja na ukuta ukampa kila mmoja picha yake, wasijue kwamba wanawalilia wapenzi tofauti.

Jayant aliambiwa kwamba sura yake ndiyo itakayotangulia. Wengine wataibadilisha, ndiyo, lakini kwanza watamwona.

"Walikuona," alisema Hortensia Mbonde, mwongozaji wa filamu, siku hiyohiyo mchana, ofisini kwake Mikocheni. "Kwa sekunde kumi na moja. Wale wa siku ya kwanza. Baada ya hapo kiteuzi kilijifunza, kikaacha kujaribu."

Aliweka karatasi ya tarakimu mezani. Watazamaji milioni kumi na moja. Walioiona sura ya Jayant kuanzia mwanzo hadi mwisho, elfu thelathini na nane. Walioiona sura ya Zebida Mkwizu, aliyeigiza mtangazaji, elfu kumi na tisa.

Zebida alikuwa amekaa karibu na dirisha na kofia yake pana, kwa sababu jua la saa nane lilimchoma ngozi. Alizaliwa na ualbino, na alikuwa na sauti iliyowafanya mafundi wa taa waache kazi wamsikilize. Alizitazama zile tarakimu, akarudisha karatasi mezani.

"Ulinichagua mimi," Jayant alimwambia Hortensia. "Walikuja vijana mia mbili kwenye usaili, ukanichagua mimi. Nilidhani una maana yako."

"Nilikuwa nayo. Hakuna anayejua kumtazama mwanamke kama wewe. Nilitaka macho hayo."

"Umeyatoa."

"Macho nimeyabakiza. Nimetoa..." Hortensia alisita. Alikuwa mama wa miaka sitini, na hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkera Jayant zaidi. "Niseme ukweli? Nimeshakaa ukumbini mara nyingi. Mhindi akiingia kwenye picha watu wanangoja achekeshe. Akimshika mwanamke mkono, wanacheka kweli. Mchina vilevile. Mwaka wa kwanza wa kampuni hii nilitoa filamu ya mapenzi yenye uso wazi, bila kiteuzi; steringi wake alikuwa kijana wa Kihadzabe, mzuri ajabu. Watu walicheka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yule kijana alirudi kwao na hakutaka tena hata kupigwa picha. Nikasema sitamfanyia mtu kitu kile tena."

"Kwa hiyo unatuficha kwa huruma."

"Nawapa kazi. Nina filamu tano nyingine, na wewe ni steringi kwenye zote. Hakuna Mhindi aliyewahi kuambiwa hivyo nchi hii."

"Na hakuna atakayejua kwamba niliambiwa."

Sheria ya sura ilimpa mwigizaji siku saba tangu filamu itoke. Ndani ya siku hizo angeweza kwenda Baraza la Sura na Sauti akaondoa ridhaa yake, na filamu ingeondolewa kwenye kuta zote za nyumbani. Ingebaki kuonyeshwa kwenye kumbi zisizo na kiteuzi, kila mtu na uso wake. Na kwa kuwa wapenzi wawili wamegusana katika picha, aliyeondoka aliondoka na mwenzake.

"Zimebaki siku nne," Hortensia alisema. "Fikiri vizuri. Si uso wako peke yako."

Zebida alikuwa bado anatazama dirishani.

*

Kesho yake asubuhi Jayant alipanda treni kwenda Tanga kwa mama yake. Alijiambia anakwenda kupumzika. Ukweli ni kwamba kuna swali lililokuwa likimtafuna, na lilihusu ukuta wa nyumba moja tu.

Kantaben Kotecha alifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini na moja. Kila Januari wanafunzi wapya walicheka kumwona Mhindi ameingia na kitabu cha ushairi, na kila Februari walikuwa wameacha kucheka kwa sababu alisahihisha hata vicheko vyao. Aliishi Barabara ya Nane, katika nyumba ambayo marehemu mumewe, fundi wa reli, aliipaka rangi ya behewa.

"Nimeiangalia mara tatu," alimwambia mwanawe kabla hajaweka mfuko chini. "Una kosa moja. Umesema 'masaa'. Ni saa, dikra, mwanangu. Saa mbili, saa tatu. Nilikufundisha mimi mwenyewe."

"Mhusika ni fundi, Ba. Mafundi wanasema masaa."

"Baba yako alikuwa fundi, na hakuthubutu."

Walikula kwanza, mihogo ya nazi na kachumbari. Jayant alimeza bila kusikia ladha. Mwishowe akasema, "Tuiangalie pamoja," na mama akafurahi kama mtoto, akavuta kiti chake karibu na cha mwanawe.

Ukuta ukawaka. Korogwe, mvua, mnara. Jayant hakutazama picha. Alimtazama mama yake. Yeye mwenyewe alikuwa amejikaza kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kama ukuta ulikuwa umempa Ba kijana mwenye kishimo shavuni, akakaa mara tatu mchana kutwa akimwita mgeni yule 'mwanangu' kwa sababu ana sauti ya mwanawe, basi Jayant hakujua angefanya nini.

"Lile kovu," Kantaben alisema akinyoosha kidole ukutani. "Wangelificha kwa poda. Kila mtu ataona kwamba ulianguka na baiskeli. Lakini ona unavyoshuka! Baba yako alikuwa anashuka hivyohivyo kwenye ngazi za injini."

Alikuwa anamwona. Mama yake, mmoja kati ya wale elfu thelathini na nane, alikuwa anamwona yeye, kovu na yote. Jayant alivuta pumzi iliyofika chini kabisa, akacheka, akageuka kwa furaha kujitazama ukutani.

Akamwona mwanaume mwingine.

Hakuwa yule wa Stumai. Huyu alikuwa na pua nyembamba, rangi ya maji ya kunde na taya lililochongwa. Alishuka kwenye mnara kwa miguu ya Jayant, akasimama nyuma ya kioo, akamtazama mwanamke kwa macho ambayo Jayant aliyafanyia mazoezi mwezi mzima mbele ya ukuta mtupu. Na mwanamke hakuwa Zebida. Alikuwa msichana mzuri wa kawaida, ambaye huwezi kumkumbuka.

"Umenyamaza," mama alisema. "Hujipendi?"

"Unaniona vizuri, Ba?"

"Nakuona. Kwani wewe unamwona nani?"

"Najiona," Jayant alisema.

Mama alipoinuka kwenda kuchemsha chai, Jayant aliusogelea ukuta. Sheria iliulazimisha kumjibu mwenye macho, na ukuta wowote ulimjua kwa mboni zake.

"Kwa nini nimepewa huyu?" akanong'ona.

Maandishi yakapanda polepole, meupe, ya adabu. *Kumbukumbu zako zinaanzia umri wa miaka mitano. Mhusika wa asili yako anapoingia katika tukio la mapenzi, macho yako huondoka kwenye picha kwa wastani wa sekunde moja na nusu, na mapigo ya moyo hushuka. Hali hii haijabadilika kwa miaka ishirini na tisa. Uso uliochaguliwa umekuridhisha kwa asilimia tisini na saba.*

Alisoma mara mbili. Hakuwa na la kubisha. Alikumbuka vizuri jinsi alivyokuwa akijifanya kufunga kamba za viatu kila Mhindi wa kwenye filamu alipofungua mdomo, kwa sababu alijua darasa zima litacheka, na kesho yake wataiga lafudhi ile mbele yake, yeye asiye na lafudhi yoyote. Alijifunza kutazama chini kabla hawajaanza. Alidhani amewachukia wale waliocheka. Ukuta ulikuwa na hesabu nyingine.

"Maziwa mengi au kidogo?" mama aliita kutoka jikoni.

"Yoyote, Ba."

*

Zebida alimkuta siku ya saba kwenye ukumbi mrefu wa kungojea wa Baraza, amekaa kwenye benchi na fomu mapajani. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kituoni, anahema, na shingo imekuwa nyekundu kwa jua.

"Hortensia ameniambia uko huku," alisema. "Usifanye hivyo, Jay."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nisikilize. Tangu nizaliwe natazamwa. Nikipanda basi natazamwa. Nikinunua nyanya natazamwa. Bibi yangu alifichwa ndani mpaka akawa mtu mzima, kwa sababu huko nje kulikuwa na watu waliomwona kama mzigo wa kuuza, si binadamu. Wiki hii watu milioni kumi na moja wamelia kwa ajili yangu, na hakuna hata mmoja aliyenikodolea macho. Unajua raha yake?"

"Hawakukulilia wewe, Zebida."

"Wamelilia sauti yangu. Pumzi yangu, na pale nilipokosa neno nikameza mate. Hayo yote ni mimi. Nani aliyekuambia mimi ni ngozi?"

Jayant aliamua kumwambia jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine yeyote: alichokiona ukutani Tanga, na maneno ya ukuta. Alieleza akitazama fomu. Alipomaliza, Zebida alikuwa amekaa.

"Pole," alisema. Na alimaanisha.

"Unaona sasa? Hawatupi tunachokipenda. Wanatufunza, halafu wanatuuliza tunapenda nini, halafu wanatupa. Mtoto anayezaliwa leo hataniona hata kwa hizo sekunde kumi na moja. Hatajua kwamba mtu kama mimi aliwahi kupendwa. Hata nafasi ya kucheka, akachoka, akaacha, hataipata. Wanafunzi wa mama yangu waliacha."

"Mama yako alikuwa na mwaka mzima nao, na fimbo. Sisi tuna saa mbili."

"Lazima pawe na mwanzo."

"Basi anza na chako!" Watu kwenye mabenchi waligeuka, na Zebida akashusha sauti. "Wewe umegundua una ugonjwa, unataka upone. Sawa. Lakini dawa yako ni mimi, Jay. Mimi ndiye utakayenimwaga mbele ya watu ili wewe ujifunze kujitazama."

"Si kwa ajili yangu tu."

"Apa."

Hakuapa. Karani akaita namba yake. Jayant alisimama na fomu, akabaki amesimama, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba atarudi kukaa. Zebida hakumshika mkono. Alimwangalia tu, akingoja kujua amefanya kazi na mtu wa namna gani.

Jayant alikwenda dirishani akatia kidole gumba kwenye kioo.

Saa tisa alasiri *Mawimbi ya Korogwe* ilizimika kwenye kuta za nchi nzima. Inasemekana wengine ilizimika wakiwa katikati.

*

Ukumbi mmoja tu, kule Kariakoo, ndio uliokubali kuionyesha. Jumamosi ya kwanza walikuja watu arobaini na watatu, saa tisa mchana, wengi wao kwa sababu walisikia kuna mzozo. Jayant alikaa safu ya nyuma, pembeni.

Alipotokea kwenye kioo, uso wake mkubwa kuliko nyumba, sauti ya mwanaume ikatoka gizani: "Bosi, sukari ipo?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Hakuwa amejiandaa kwa kilichofuata. Zebida alipotokea, nyuma ya kipaza sauti, nywele zake zikiwaka kwenye taa ya studio, watu hawakucheka. Mtu mmoja alisonya. Mwanamke mmoja alisogeza kiti chake nyuma, kana kwamba kioo kingeweza kumgusa. Na kijana wa safu ya tatu akainua simu, akapiga picha, akainama kuandika huku taa ya simu ikimulika meno yake.

Mvua ilipokuja, wakatulia. Kwa dakika chache pale kwenye mnara aliwahisi wamenyamaza kweli, wamesahau. Jayant akathubutu kutumaini. Kisha wapenzi wakakutana, mikono ya kahawia ikashika mashavu meupe, na vicheko vikarudi kwa nguvu, pamoja na miluzi. Watu kumi na wawili wakaondoka. Yeye mwenyewe, aliyeyafanya yote haya ili atazame, aligundua kwamba anasoma maandishi ya mlango wa dharura. Alijilazimisha kugeuza kichwa. Alipofika kwenye picha, busu lilikuwa limekwisha.

Taa ziliwashwa. Waliobaki walitoka bila kumtazama, isipokuwa baba mmoja wa makamo mwenye shati la kazi, aliyesimama mbele yake akizungusha kofia mkononi.

"Ni wewe, kaka?"

"Ni mimi."

"Nilicheka. Pale mwanzo." Akatafuta la kuongeza. "Sijui hata nilicheka nini. Baadaye niliacha." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Hapo ndipo Jayant alipomwona Zebida. Alikuwa amekaa safu hiyohiyo, upande wa pili, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameona yote. Alikuja polepole kati ya viti, akampa simu yake bila salamu.

Ilikuwa ni ile picha. Sura yake kwenye kioo, mdomo wazi, katikati ya neno. Chini yake paliandikwa maneno ambayo Jayant aliyasoma mara moja tu na asingeyatamka maishani mwake. Namba ya walioitazama ilikuwa ikipanda wakati ameishika ile simu. Elfu sitini. Elfu sitini na nne.

"Ulitaka wanione," Zebida alisema. "Wameniona."

"Zebida, yule baba amesema aliacha kucheka..."

"Mmoja."

"Mmoja. Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyemlipia huyo mmoja. Si wewe. Wewe walikuomba sukari tu."

"Nisamehe."

Alifikiri. Jayant aliona kwamba analifikiri kweli, kwamba hakuwa anamkomoa.

"Hapana," alisema.

Alichukua simu yake. Kulikuwa na mlango wa nyuma kwa ajili ya waigizaji, na mhudumu alikwishaufungua na kumwonyesha kwa heshima. Zebida alivua kofia, akaukunja ukingo wake na kuitia kwapani, akapita mlango wa mbele, kwenye jua na watu wengi wa Kariakoo. Jayant alimfuata hatua tatu. Yeye, bila kugeuka, akainua mkono kumzuia.

Mama wa tiketi alikuwa akifagia maganda ya karanga kati ya viti. Alifika miguuni pa Jayant akasubiri asogee.

"Ile ya saa kumi na mbili wamekata tiketi watu sita," alisema. "Iendelee, au tufute?"

Jayant alikuwa bado anatazama mlangoni, ambako umati ulikuwa umegawanyika kidogo kumpisha mtu, na ulikuwa unaanza kujifunga tena.

"Iendelee," alisema.

Ilibidi aseme mara mbili ndipo yule mama asikie.